Alhamisi Yangu Imo Ndani ya Diski

Sundsvall, 14 Novemba

Ndugu Mwenyekiti Kjell,

Natumaini mgongo wako umepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili, ila sina zamu ya kufua.

Kama ujuavyo, Torbjörn wa ghorofa ya pili alijitolea kuweka mfumo mpya wa uendeshaji kwenye seva ya jengo letu, ile kompyuta iliyo chini, jirani na mashine za kufulia. Tangu auweke, daftari la zamu za kufua linalotunzwa humo halionekani. Kwa heshima zote nalalamika hivi:

1. Kwa miaka kumi na tisa, Alhamisi saa nne asubuhi ni yangu. Sijawahi hata kulifungua hilo daftari, sikuwa na haja. Sasa anafua yeyote, saa yoyote! Jumatatu nimekuta suruali za mtu kwenye mashine ya kukaushia. Zina maua. Nimelia, sifichi.

2. Torbjörn anasema hakuna kilichopotea. "Gunvor, tulia bwana! Diski zote nne ni nzima, na ghala la data limo humo humo. Ila mfumo mpya unadhani ni ghala la mashine nyingine, ndiyo maana hautaki kuligusa." Mashine nyingine ipi? Seva haijatoka chumba kile tangu inunuliwe. Mimi nilipopasuliwa goti nilizinduka nikalitambua kabati langu siku ile ile.

3. Eti amri moja tu inatosha: ailazimishe ilipokee ghala. Ailazimishe! Hata rangi ya mlango wa chumba cha baiskeli tuliijadili vikao vinne. Nikamwambia atoe mikono kwenye kibodi, nikakaa kulinda na chupa yangu ya kahawa.

4. Naomba kikao cha dharura. Torbjörn ahamishiwe kamati ya kuzoa theluji. Na seva iandikiwe barua rasmi, yenye saini za wakazi wote thelathini na wawili, kuithibitishia kwamba yenyewe ndiyo yenyewe.

5. Suruali ninazo mimi.

Kilichoandikwa ndani ya diski zile kiheshimiwe, bila kumwonea mtu haya.

Nisalimie mkeo Maj-Britt, mbwa wenu, na majirani wote wanaopandia ngazi B.

Wako katika usafi,
Gunvor Hedlund, ghorofa ya nne

N.B. Nilipokwenda kuongeza kahawa, Torbjörn alilazimisha. Ghala limerudi zima. Linaonyesha kwamba Alhamisi saa nne ni ya Hillevi wa ghorofa ya kwanza, kwa miaka yote kumi na tisa. Yangu ni Jumapili saa moja asubuhi. Hillevi ni mpole mno, hajawahi kusema neno. Suruali za maua ni zake. Tafadhali mwambie Torbjörn aweke mfumo upya, na safari hii afute na diski.