Mawese Mikononi, Somo Kifuani

Leo nimejiaibisha kanisani, na sina wa kumlaumu.

Rafiki yangu Baba Riziki, Mkongo wa Uvira, amepata mtoto wa kiume akampa jina langu, Elia. Kwa mtu anayetoka nyumbani kwa shida kama mimi (kochi limeshachukua umbo langu), kupata somo ni heshima kubwa. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kumbeba mtoto hadi mbele, mchungaji amwombee.

Asubuhi naangalia mikono. Baridi ya Minnesota imeifanya kama ngozi ya kenge. Losheni imeisha. Kupita dukani maana yake kutoka mapema. (Mimi?) Nikakumbuka bibi yangu kule Kigoma alivyotupaka mafuta ya mise tukang'aa. Mise sina. Nina mawese ya kupikia. Nikajiambia, mchikichi ni uleule, tunda ni lilelile, tofauti itoke wapi? Nikajipaka hadi kwenye viwiko, nikavaa glavu.

Kutoka Burnsville hadi kanisani Anoka hita ya gari inapuliza, mafuta yanalainika taratibu. Nikasikia raha.

Tulipoitwa mbele nikavua glavu. Mama Riziki akanikabidhi mtoto aliyevaa gauni jeupe ambalo bibi yake alilishona kwa mkono. Watoto wote wa ukoo wamebarikiwa ndani ya gauni hilo. Mtoto akatulia. Akakamata kidole changu, akakinyonya.

"Anamupenda somo wake," mama mmoja akanong'ona.

(Alikuwa anapenda mawese.)

Mchungaji akampokea, akanusa, akasema kwenye kipaza sauti, "Kuna mtu amepika?"

Hapo ndipo nilipoona. Viganja viwili vya rangi ya machungwa kwenye gauni, kimoja mgongoni, kimoja makalioni. Vidole vyote unavihesabu.

Bibi wa mtoto akainuka polepole. Akanishika mkono, akaunusa.

"Elia, ulipakaa nini?"

"Mawese, mama."

"Mawese ya kupikia sombe?"

"Ya maharage."

Akavuta pumzi. "Mafuta ya mwili inatokaka mu kokwa, papa. Hii ya nyama ya tunda ni ya chungu. Si ulisemaka unatoka Kigoma?"

"Natoka."

"Kigoma gani?"

Kanisa lilicheka mpaka wapiga gitaa wakaweka magitaa chini. Baba Riziki, rafiki yangu wa miaka yote hii, alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yanatikisika.

Nikamuuliza bibi kwa sauti ya chini kama watambadilishia mtoto jina. Akahesabu vidole kwenye gauni (vyote kumi).

"Jina ibaki. Nguo utafula wewe. Ukirudisha na rangi, tutaongea tena juu ya jina."

Kwa hiyo saa hizi nipo bafuni nimepiga magoti. Nimelifua mara tatu. Viganja havijafifia, ila gauni lote limeanza kufanana navyo.

Mwenye dawa ya doa la mawese aniandikie faraghani. Mwenye kicheko akae nacho hadi Jumapili, maana huenda mtoto akawa anaitwa Petro.