Viti Mia Tatu na Kimoja

Jumatatu, 3 Novemba

Miaka miwili na miezi minne tangu nitoke nyumbani. Mgongo wa mzee, mshahara wa mtoto. Kazi ni ileile: kupanga viti ukumbini, kuvipangua, kuvipanga tena. Viti mia tatu vya plastiki. Hapa wananiita Viti. Binti yangu akiulizwa kazi ya baba yake husema ni meneja wa mikutano. Sijamsahihisha.

Leo nimeomba likizo. Binti anamaliza shule ya msingi. Mahafali ni Jumamosi ya tarehe kumi na tano, na atasoma shairi mbele ya watu. Mwaka jana nilimwahidi kwenda, sikwenda. Mwaka juzi vilevile. Safari hii mama yake amesema nisipotokea nisijisumbue hata kupiga simu.

Mama Meneja hakukataa. Alisema ukumbi umelala, mwezi mzima shughuli mbili, atapata wapi cha kumlipa kibarua anishikie nafasi? Kalenda ikijaa, niende. Ikiwa tupu, nikae niilinde. Spika, fundi wa vipaza sauti, alikuwa anasikiliza huku akijifanya anakunja waya. Akasema labda nisimame barabarani nikamate wapita njia. Mtu huyu alipewa masikio ya watu wawili na akili ya nusu mtu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepata njia!

Meneja analipia vitu viwili ambavyo hakuna anayevigusa. Kimoja ni ukurasa wa matukio, ambako ukumbi hutangaza shughuli zake na watu hubonyeza kwamba watakuja. Kingine ni chombo cha kutafuta, kinachopekua mtandao mzima kwa neno ulilokipa. Vimekaa kila kimoja kivyake kama mume na mke waliogombana. Kumbe kuna huduma ya kuvipatanisha, na wala huandiki msimbo. Unaburuta visanduku, unachora mstari katikati: kikitokea hiki, fanya kile. Shule niliiacha kabla haijanizoea, lakini visanduku na mistari ndiyo kazi yangu. Ni viti na safu tu.

Nimeunda mtambo wakati wa chakula, kwenye kompyuta ya mapokezi. Kisanduku cha kwanza: kila saa, tafuta watu wanaotaka ukumbi. Nilikusudia kuandika "natafuta ukumbi wa kukodi", nikaona maneno mengi yanabana wavu. Nikaandika "ukumbi", basi. Kisanduku cha pili: chochote kitakachopatikana, kiweke kwenye kalenda ya ukurasa wetu kama tukio, penye nafasi wazi. Katikati kulikuwa na kisanduku kiitwacho kichujio. Spika alipita nyuma yangu akasema nisikiruke hicho, ndicho kinachotenga mchele na mawe. Nilimwambia mwenye njaa hachambui. Ukweli ni kwamba ningekiweka kama yeye asingesema.

Jumatano, 5 Novemba

Asubuhi shughuli saba. Mchana hakuna siku tupu hadi mwisho wa mwezi. Mama Meneja aliitazama kalenda kwa mbali, bila miwani, akaona rangi zimejaa. Akasaini likizo yangu hapohapo, akaniuliza mbona siku zote hizi nilikuwa naficha kichwa.

Nimeongeza kisanduku cha tatu. Kila kalenda inapopata shughuli mpya, mke wangu apate ujumbe: "Kalenda imejaa. Nakuja." Kwa nini asubiri kujua kwamba ameolewa na mtu mwerevu?

Spika alikula peke yake. Sikumkaribisha kwenye meza yangu.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimesoma kilichoijaza kalenda. Heri ningebaki gizani.

Jumapili ijayo tuna harusi ya watu waliokwisha kuoana zamani. Wana watoto watatu. Jumanne tuna wizi wa mapazia uliotokea ukumbi mwingine kabisa. Na keshokutwa, Jumamosi, tuna lalamiko la mteja wetu mwenyewe, neno kwa neno, kama jina la tukio: "Ukumbi ule una mende wakubwa kuliko kuku waliotupikia." Chini yake ukurasa umemalizia kwa adabu: saa nane mchana, nyote mnakaribishwa. Watu sitini wamebonyeza kwamba watakuja.

Kuna baya zaidi. Chombo cha kutafuta kimeugundua ukurasa wetu. Ukurasa wetu una neno "ukumbi". Kwa hiyo kinawachukua mende wetu, kinawatangaza upya, kisha kinawakuta tena na kushangilia. Kama mtu anayebishana na mwangwi wake. Siku zilizobaki zote ni mende. Nimefuta. Baada ya saa moja wamerudi, wamekuja na jamaa zao.

Spika amesema nizime mtambo wenyewe, siyo kupangusa sakafu huku bomba linamwaga. Nikizima, kalenda itabaki tupu, na likizo yangu itakwenda nayo. Nimemwambia ashughulike na nyaya zake.

Jioni mke wangu ameandika. "Baba watoto, nimepata jumbe zako arobaini na moja za kuja. Mimi siombi uje mara arobaini na moja. Njoo mara moja."

Ijumaa, 7 Novemba

Mpango mpya. Kama mkutano ni wa mende, basi ukumbi usiwe na mende. Nani atalalamikia asichokiona? Nimenyunyiza dawa kila pembe, chini ya jukwaa, nyuma ya mapazia. Kumbe walikuwa wamejificha kwa heshima zao. Sasa wametoka wote. Wengine sikuwa nawafahamu.

Waliobonyeza kuja ni mia mbili.

Jumamosi, 8 Novemba

Wamekuja. Nimepanga viti mia tatu na bado watu wamesimama ukutani. Wakakaa, wakatazama jukwaa. Mama Meneja akaingia, safari hii na miwani, akauliza mwenye mkutano ni nani. Spika akanipa kipaza sauti. Alinipa kama mtu anayekukabidhi mzigo wako.

Nikafungua mkutano. Nilisema karibuni sana. Nilisema mende ni changamoto yetu sote. Nilisema mengine siyakumbuki. Bibi mmoja wa safu ya mbele akauliza kama watawaona au ni maneno tu. Wakati huohuo mmoja akatoka chini ya jukwaa, akavuka taratibu mbele ya watu wote kama mgeni rasmi. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Niliona kazi imekwisha. Lakini bibi yule akainuka. Kumbe ni mwenyekiti wa chama cha washonaji. Akasema amezunguka kumbi zote za mji huu, na kila mahali ameambiwa hakuna mende. Ukumbi unaowatangaza mende wake wenyewe hauwezi kumficha kitu kingine. Piga dawa ya maana, mwanangu, akamwambia Meneja, nami nakodi. Akamkabidhi malipo palepale. Washonaji mia tatu. Jumamosi ya tarehe kumi na tano.

Mama Meneja alinikumbatia. Kisha akasema kwamba siku kubwa kama hiyo hawezi kumwachia kibarua asiyejua kupanga hata viti kumi, hivyo likizo isubiri mwakani. Alisema kwa furaha kabisa. Alidhani ananisifu.

Jumapili, 9 Novemba

Nilipiga simu niwaambie siji. Akapokea binti. Akaniuliza mkutano wangu ulikwendaje. Nikasema ulikuwa mkubwa, watu walipiga makofi. Akasema, "Baba, nimekuwekea kiti. Safu ya mbele, karibu na mama. Nimekibandika karatasi yenye jina lako ili mtu asikikalie."

Nimepangia viti harusi, misiba, vyama, wagombea. Sikumbuki kama kuna aliyewahi kunipangia mimi. Sikumwambia nilichotaka kumwambia. Nilikata simu nikasafisha madirisha ambayo hayakuwa machafu. Spika alikuwepo anajaribu vipaza sauti. Masikio yale.

Jumatatu, 10 Novemba

Spika amekwenda mwenyewe kwa Mama Meneja. Amesema Jumamosi atapanga viti yeye, na sauti ataishika yeye, miaka miwili ananitazama nikipanga na haoni kama ni elimu ya nyota. Meneja akamuuliza anapata nini. Akajibu kwamba mtu aliyesikia hotuba yangu kupitia vifaa vyake anastahili wiki moja ya utulivu. Meneja akacheka mpaka akavua miwani. Likizo imerudi.

Sharti la Spika ni moja: niuzime mtambo kwa mkono wangu, mbele yake. Nimeuzima. Akasema, "Nenda bwana, mtoto hangoji."

Nilijua mara moja anataka kitoroli changu cha viti. Nimekifunga kwa mnyororo. Jioni nikaona aibu kidogo, nikamwachia ufunguo. Wa akiba ninao mwenyewe.

Jumatano, 12 Novemba

Begi tayari. Basi linaondoka kesho asubuhi, linafika Ijumaa jioni. Ukifika kituoni bila nafasi hutasafiri, na foleni yake naijua. Kwa nini nipange foleni na akili ninayo? Spika alinizimisha mtambo ule. Kuhusu mwingine hakusema kitu.

Kisanduku cha kwanza: tafuta nafasi kwenye basi la kesho. Cha pili: ikipatikana, iandikishe kwa jina langu, nitalipa kituoni. Cha tatu: mjulishe mke wangu. Kichujio nimekiona. Kinachelewesha kazi.

Simu imetetema. Nimepata kiti namba nne. Dirishani! Imetetema tena, kiti namba tano. Watu wa heshima hawa, wanathibitisha kila hatua. Sasa ni cha kumi na tisa. Mke wangu naye anapiga, bila shaka ni furaha. Nitapokea nikimaliza kufunga begi.

Ijumaa jioni, Mungu akipenda, nipo mlangoni. Mara moja.