Kichwa cha Nyungunyungu

Jumatatu, 3 Machi
Nyota ya jaha imeniwakia! Ukumbi wa michezo ya video wa mtaa wa pili umebandika tangazo. Jumamosi kuna mashindano ya mavazi: vaa kama mhusika wa mchezo wowote. Atakayewafurahisha watoto zaidi ataajiriwa kukaribisha wateja mlangoni. Nafasi moja tu, mshahara kila mwezi. Mimi ni fundi cherehani ambaye tangu Januari nimebadilisha zipu tatu. Nafasi hiyo ni yangu.

Binti yangu, miaka tisa, mtaalamu wa mambo haya, anasema nivae nyungunyungu wa kwenye mchezo wao. Kofia ya chuma, miwani mikubwa, anachimba mahandaki kuwaokoa wenzake. Nilicheka. Kisha nikafikiri. Kumbe mnyoo amepanda cheo siku hizi! Kwenye katuni anachungulia kutoka ndani ya tunda, kavaa tai, anatoa nasaha. Kwenye sinema anameza jengo zima. Kwenye simu ya mke wangu anacheza dansi. Bustanini kwetu tu ndiko bado anakatwa kwa jembe.

Tatizo: nyungunyungu ni mrefu, anahitaji watu wawili. Mke wangu amemwita kaka yake. Sikuulizwa.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji amefika. Mrefu, mpole, hajui kununa. Mtu wa namna hiyo simwamini hata kidogo.

Mke wangu ametoa hukumu: Shemeji mbele, awe kichwa, mimi nyuma, mkia. Nikapinga. Nikasema kichwa ndicho kinachoonekana, na kazi atapewa anayeonekana. Akasema ndiyo maana.

Nimeshona mchana kutwa, mita nane za kitambaa cha rangi ya waridi, huku natabasamu. Anayenijua angeogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Mpango umekwenda kama maji! Asubuhi nilinyunyiza pilipili manga kwenye bitana ya kofia. Kijiko kimoja. Halafu cha pili, maana Shemeji ana pua pana.

Saa kumi, mazoezi sebuleni. Chafya kumi na moja, nimezihesabu. Shemeji, machozi yakimtiririka, akasema labda kitambaa kinamdhuru, akaniomba, kama si usumbufu, tubadilishane. Nikasita kidogo kwa adabu. Nikakubali kwa ajili ya familia. Mke wangu alinitazama kwa muda mrefu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumamosi, 8 Machi
Nilisahau kuikung'uta kofia.

Tulikuwa wa sita kuingia. Watoto wamejaa sakafuni. Nikaingia kwa maringo: hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne, chafya! Mwili mzima ukaruka, na Shemeji akavutwa huko nyuma. Nyingine! Nyingine! Chafya ya nne ikapasua mshono wa katikati, mshono wangu mwenyewe, uzi rahisi. Kichwa kikaenda ukutani. Mkia ukabaki peke yake katikati ya ukumbi, hauoni mbele wala nyuma, ukaanguka, ukabingirika hadi miguuni mwa watoto. Wakapagawa kwa furaha. Kumbe kwenye mchezo wao, nyungunyungu akikatwa, mkia ndio unaoendelea na vita! Binti yangu alilijua hilo tangu Jumatatu. Anasema sikumuuliza.

Tumeshinda! Nikavua kofia, nikapanga maneno ya shukrani. Meneja wa ukumbi akaja na mkataba mkononi, akanipita.

“Nani alikuwa mkia?”

Mkono wa Shemeji ukachomoza kutoka kwenye kitambaa cha waridi.

Nimeumia, sifichi. Niliitaka ile kazi. Nilitaka asubuhi moja mke wangu aniage mlangoni kama wanavyoagwa watu wanaokwenda kazini. Badala yake amenipa leso ya kufutia pua.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji amekuja asubuhi. Amekwisha kuzungumza na meneja: tupokezane kuvaa mkia, wiki moja yeye, wiki moja mimi, na mshahara tugawane sawa.

“Shemeji, bila cherehani yako mimi ningevaa nini?” akasema.

Nikamkumbatia. Machozi yalinilengalenga, na mke wangu akacheka kwa furaha mpaka nikaona aibu.

Baada ya chakula akili ikarudi. Nani hugawa kazi bure? Mjanja huyu! Kuna jambo. Wakati narekebisha mkia nimepunguza kiuno inchi mbili, na jioni Shemeji ameondoka nao. Mimi na yeye kiuno ni kimoja, lakini yeye ndiye anayeanza kesho. Hataingia, meneja atamkasirikia, na wiki zote zitakuwa zangu. Zamu yangu ikifika, nitakilegeza.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji kaamua nianze mimi. Eti mimi ni mkubwa wake, ni heshima. Alinigongea mlango saa moja, mkia kaukunja vizuri begani, akanisindikiza mpaka ukumbini. Muda wa kulegeza sikuupata.

Niliingia kwa kubana pumzi. Kufikia saa nne nilikuwa nakaribisha watoto kwa sauti ya kifaranga. Saa tano zipu ilikwama. Saa sita meneja na Shemeji walinikata kwa mkasi wa bustani, watoto wakipiga makofi.

Jioni hii nimelala chali na nimejichunguza kwa moyo mweupe. Kosa ni langu, nakiri. Inchi mbili zilizidi. Jumatatu ijayo ni zamu ya Shemeji: nitapunguza moja na nusu.