Sevisi Mpaka Uridhike

Jumanne, saa mbili asubuhi, Mahona alikuwa amekaa kwenye mgahawa wa mama Justina karibu na stendi ya Bariadi, akinywa chai ya mtu mwingine. Mwenye chai alikuwa ametoka kidogo kupokea simu, na Mahona aliona si vizuri kitu cha moto kipoe kwa kukosa msimamizi. Kazi yake, kwa wale waliomuuliza, ilikuwa dalali wa gereji: anakutafutia fundi, anakutafutia spea, na akipata nafasi anakutafutia pia sababu ya gari lako kurudi gereji wiki inayofuata. Mjini walimwita Injinia. Yeye mwenyewe alijua kwamba hajawahi kufungua nati ikakubali kurudi ilikotoka, ila jina lilikuwa tamu na hakuona haja ya kulikataa.

Meza ya jirani alikaa mgeni mmoja mnene, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mifuko, akikata chapati kwa kisu na uma.

"Samahani sana, mama," mgeni alimwambia Justina, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza mchicha ng'ambo ya barabara. "Mimi naishi ugenini. Naomba ushauri wako. Ni wapi hapa Bariadi nitapata huduma ya kawaida ya gari langu, kwa bei nafuu?"

Mama Justina alimjibu kwamba yeye anajua chapati.

Mahona alikuwa ameshasimama. Habari za huyu mgeni alizisikia juzi juzi: Fredrick, Mzambia, fundi wa mitambo aliyeletwa kuangalia mashine za kuchambua pamba msimu huu. Gari lake lilikuwa nje, Prado la rangi ya fedha lenye namba za kwao, kioo cha pembeni upande wa kushoto kimevunjika nusu na kufungwa kwa waya. Siku nyingine yoyote Mahona angeliona Prado hilo kama debe la oili nzuri lenye magurudumu. Angelipeleka kwa fundi Jilala, oili ya mgeni ingemwagwa na kuuzwa, mahali pake ingewekwa chakavu iliyochujwa kwa kitambaa, filta ingepigwa petroli na kufutwa uso, na mwenye gari angeondoka anapunga mkono. Lakini leo Mahona hakuona oili. Aliona Jumamosi.

Jumamosi alikuwa anakwenda Mwanhuzi kujitambulisha kwa mzee Bujiku, baba yake Violeth. Violeth aliuza dawa za mifugo pale Bariadi, na Mahona alimpenda kweli, bila janja yoyote, jambo lililomtisha kwa sababu hakuwa na uzoefu nalo. Katika udhaifu huo ndipo siku moja ulimi ulipomteleza akasema ana gari. Hakuwa na gari. Alikuwa na pikipiki nyekundu, siti imeshonwa kwa uzi wa magunia, ambayo ili iwake ilitaka ipigwe teke mara tisa. Alijaribu kujiona anaingia nayo kwenye boma la mkwe, anaipiga teke mbele ya watu wazima. Akili ilikataa.

"Bosi, karibu Simiyu," alisema, akivuta kiti. "Naitwa Injinia Mahona. Gari lako umeshalipatia mtu."

Walitoka nje kulitazama. Mahona aliingia kwenye kiti cha dereva, akageuza kioo cha ndani mpaka kikamwonyesha meno yake, akawasha redio, akauliza kama siti ya nyuma inalala. Bonati hakuigusa.

"Na gharama, ndugu Injinia?" aliuliza Fredrick.

"Kwetu hulipi mpaka uridhike. Ila sevisi ya huku ina sehemu mbili: gereji na barabara. Oili mpya lazima izoeshwe vumbi la nchi. Kwa hiyo Jumamosi nitalitembeza mwenyewe, mbali kidogo, halafu Jumapili unalipata."

Mzambia alimtazama kwa muda, macho yamejaa imani, kisha akamwekea ufunguo kiganjani. "Oili izoeshwe vumbi," alisema taratibu, kama mtu anayeandika moyoni. "Kweli kusafiri ni kujifunza."

Mahona aliona huruma kidogo. Ilimpita kabla hajafika kona.

Kwa Jilala, chini ya turubai la gereji, mambo yalianza kama kawaida. Jilala alikuwa ameshaleta beseni la oili chakavu na kitambaa cha kuchujia. Mahona akalisukuma pembeni kwa mguu.

"Weka mpya," alisema.

"Mpya ya wapi?"

"Ya dukani. Kopo lililofungwa."

Jilala alimshika paji la uso. "Wewe mwanaume unaumwa. Kalale, tutaongea kesho."

"Fundi, gari hili Jumamosi naenda nalo ukweni. Likinizimia katikati ya Maswa na Mwanhuzi, mimi nimevaa suti, nitasukuma na nani?"

Hapo ndipo Jilala alipoelewa, na akaelewa vizuri kuliko ilivyotakiwa. Alizunguka Prado akiligonga hapa na pale, na kila alipogonga alitikisa kichwa kwa huzuni ya daktari. Filta ya hewa imeziba: utazima mlimani. Breki pedi zimebaki karatasi: utalivamia boma la mzee na ng'ombe wake wote. Plagi, mkanda wa feni, grisi. Mahona alisikiliza maneno aliyokuwa akiwaambia watu miaka sita, yale yale, kwa mpangilio ule ule, na akashangaa jinsi yanavyotisha gari likiwa ni la safari yako mwenyewe. Hakuwa na namna ya kujua lipi kweli na lipi nyongeza. Akakubali yote.

"Hela?" alisema Jilala.

Mahona hakuwa na hela. Alikuwa na pikipiki.

Ijumaa jioni pikipiki nyekundu ilifungwa mnyororo kwenye nguzo ya gereji kama dhamana ya deni, nayo Prado likatoka linanguruma kwa adabu. Mahona alilipitisha polepole mbele ya duka la Violeth, kioo chini. Violeth alitoka mlangoni na kulitazama kutoka taa mpaka taa. Alicheka tu, kicheko cha mtu aliyesikia alichotegemea kusikia, naye Mahona akakipokea kama pongezi.

Jumamosi barabara ilikuwa kavu na Prado lilikwenda vizuri mpaka Mahona akaanza kusahau kwamba si lake. Baada ya Maswa alikuwa akipiga honi kwa mamlaka. Alipofika Mwanhuzi alikuwa ameshaanza kufikiria kulibadilisha rangi.

Mzee Bujiku alimpokea nje ya boma, fimbo mkononi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Mwadila, baba," Mahona alisalimia kwa Kisukuma, akiinama.

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu."

Salamu zilikwenda mbali, mpaka kwa mvua na nyasi. Kisha mzee akaacha kumtazama Mahona na kulielekea gari. Alilizunguka kimya, mara ya kwanza kwa mbali, mara ya pili kwa karibu. Alichuchumaa akachungulia matairi, moja moja, kama mtu anayekagua kwato. Akapitisha kiganja ubavuni. Alipofika upande wa kushoto, kwenye kile kioo kilichovunjika nusu na kufungwa waya, alisimama.

"Huyu namjua," alisema.

Mahona alitazama nyuma kuona nani amekuja.

"Huyu hapa," alisema mzee, akigonga bonati. "Sikio la kushoto limekatwa. Ng'ombe nikimwona mara moja simsahau, na huyu nimemwona. Alikuja mwezi wa sita. Aliletwa na kijana wa Nassa, anaitwa Marcelo, anamtaka binti ya mdogo wangu. Akasema ni wake. Alikuwa amekonda, ila miguu ya mbele amevishwa mipya." Akainama tena, akavuta harufu ya injini. "Safari hii amenenepa. Amelishwa. Nani amemlisha?"

Ulimi wa Mahona, ambao haukuwahi kumwangusha mbele ya trafiki, wenye maduka wala mchungaji, ulianza kupapasa. Alitafuta uongo, akaukuta mmoja tu, na hata huo ulikuwa umechoka.

"Nimekabidhiwa, baba," alisema.

Kila mtu pale alijua maana yake. Mwenye ng'ombe wengi huwakabidhi wachache kwenye boma la mwingine. Huyo huwachunga, huwalisha, hunywa maziwa, na ng'ombe hubaki kuwa wa mwenyewe. Mzee aliitikia kwa kichwa, karibu aridhike.

"Vizuri. Aliyekabidhiwa hunywa maziwa. Umekunywa. Sasa mbona ulimwambia binti yangu ng'ombe ni wako?"

Mahona aliangalia viatu vyake. Vilikuwa vya kuazima pia, lakini hilo halikuulizwa.

"Keti, ng'wanawane, keti mwanangu," alisema mzee, na sauti haikuwa na hasira, jambo lililomuumiza zaidi. "Violeth alinipigia wiki mbili zilizopita. Akasema, baba, atakuja na habari ya gari, usimsikilize. Ana pikipiki, ya kwake mwenyewe, anaipiga teke mara tisa. Nikafurahi. Huku malisho yako mbali, gari halipiti, na vijana wangu wote wako mjini. Mkwe mwenye pikipiki ndiye niliyekuwa namngoja. Iko wapi?"

Mahona aliiona pikipiki ile kwa macho ya moyo, na mnyororo wake, na akatamani kulia. Alijicheka badala yake, kwa sauti ndogo. Mwaka mzima alikuwa akiwaza akifiche wapi kitu hicho, na sasa amefanikiwa kukificha kabisa.

"Nimeiacha, baba."

"Basi siku utakayokuja nayo ndiyo tutakaa tuzungumze. Leo umekuja na ng'ombe wa watu. Lakini kwa kuwa amefika, atusaidie. Kuna mbuzi sita wanatakiwa mnadani."

Siti ya nyuma, kama Mahona alivyothibitisha Jumanne, ililala vizuri sana.

Jumapili mchana Fredrick alikuwa akimngoja kwa mama Justina, kisu na uma mkononi. Alitoka akafungua bonati mwenyewe. Akavuta kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakichovya, akakiinua kwenye mwanga. Akakagua filta, breki, mkanda wa feni. Vidole vyake vilikwenda haraka na bila kubahatisha, vidole vya mtu aliyezaliwa ndani ya injini. Mwisho mgeni alifungua mlango wa nyuma na kunusa.

"Mbuzi," alisema.

"Barabara ya huku, bosi, ina harufu zake."

"Tulikubaliana nalipa nikiridhika." Fredrick alifunga mlango. "Bahati mbaya sijaridhika."

"Bosi, nimeweka oili mpya kabisa! Breki mpya, plagi mpya, vyote vipya."

"Naona. Asante sana. Marcelo wa Nassa hakufika mbali hivyo, alinifungia matairi mawili tu."

Kiswahili cha Mzambia kilikuwa kimepoteza ugeni ghafla, kama mtu aliyevua koti la kuazima.

"Kumbe unajua gereji," alisema Mahona.

"Nimekaa nje ya kwetu miaka kumi na moja, ndugu yangu, na gari la mgeni huliwa kila mji. Mwanzoni nilitafuta mafundi waaminifu. Wapo, lakini wanachukua muda kupatikana. Kwa hiyo siku hizi nauliza kwa sauti mahali penye watu, halafu natazama anayekuja. Akitazama injini, anataka kuniibia oili, simpi. Wewe ulitazama siti, ukauliza kama inalala, ukajitazama meno kwenye kioo. Nikajua huyu ana mahali pa kwenda kuonekana." Akamshika bega kwa upendo wa kweli. "Mtu wa namna hiyo atalihudumia gari kuliko mimi, maana likizima njiani, aibu ni yake. Hakuna sevisi nafuu kuliko hiyo. Ukweni wanasemaje?"

Mahona alitaka kukasirika. Alijaribu, lakini hasira ilikuja na kukuta nafasi imejaa heshima. Miaka sita alikuwa akijiita Injinia, na huyu hapa, anakata chapati kwa kisu, ndiye mwenye shahada.

"Wanataka pikipiki," alisema.

Fredrick alicheka mpaka akaegemea gari. Kisha akalipia chai mbili, ya Mahona ikiwa ni ya Mahona mwenyewe kwa mara ya kwanza mwezi ule, akaingia kwenye Prado, akaondoka. Lilikuwa linakwenda kimya kama paka. Mahona hakuweza kujizuia kujivunia.

Jilala hakutaka maneno mengi. Deni halikulipwa, kwa hiyo pikipiki ilikuwa yake kihalali, na kama Mahona anaitaka, ovaroli iko msumarini: afanye kazi mpaka mwisho wa msimu. Mahona akaivaa. Wiki ya kwanza alipoteza nati nne. Wiki ya tatu alifungua filta akairudisha, na gari likawaka, na alikaa pale chini muda mrefu akilisikiliza kama mtu aliyeongeleshwa kwa jina. Watu walipita wakiuliza Injinia yuko wapi, nao mafundi wakaonyesha miguu inayotokeza chini ya Noah.

Siku moja simu iliita akiwa huko huko chini. Ilikuwa ni Violeth.

"Baba anauliza, pikipiki inakuja lini?"

Mahona aligeuza shingo. Pikipiki ilikuwa kwenye nguzo yake, Jilala ameianikia matambara ya kufutia mikono.

"Mwambie iko sevisi."

"Sevisi gani hiyo isiyoisha, Mahona?"

Oili chakavu ilimdondokea shavuni, akaifuta kwa mkono uliokuwa mchafu zaidi.

"Hii ya safari hii ni ya mpaka fundi aridhike," alisema.