Jangwa Lililoliwa na Mchwa

Wenzangu, leo nimeumbuka, tena katika somo langu mwenyewe la jiografia.

Mama Moraa, jirani yangu hapa Birongo, ana binti aliyepanda ndege Nairobi leo saa tatu asubuhi kwenda London kusomea uuguzi. Mama akaweka nadhiri: hatatia kitu mdomoni mpaka mwanawe akanyage ardhi. Majirani tukaja kuomba naye. Kila mtu akawa anajiuliza ndege itatua saa ngapi.

Nikasema najua. (Nani aliniuliza mimi? Hakuna.)

Nikakimbilia shuleni kuchukua ramani ya Afrika na Ulaya. Ni ile iliyoliwa na mchwa katikati, nami nikaiunganisha likizo iliyopita kwa uji wa unga. Kazi safi, ukiitazama kwa mbali. Nikapima kwa uzi kutoka Mombasa hadi Nairobi, kisha nikaupanga uzi huo kuelekea London. Mara tisa tu! Ndege humaliza kipande kimoja kwa nusu saa na ushei. Nikapiga hesabu mara tatu, maana mimi si mtu wa kubahatisha. Jibu lilikuwa lile lile: saa nane mchana.

Saa nane ilipotimia, nikasimama. "Mama Moraa, mtoto ametua. Kula."

Alilia kwa furaha. Akaletwa kuku na ugali wa wimbi. Mama akaninawisha mikono yeye mwenyewe, akanipa firigisi. Nikaipokea bila haya.

Ndipo kaka yake, Mzee Onchiri, akaivuta ramani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alipelekwa Misri kwa lori. Akaifuata njia yake kwa kidole, akarudi, akaifuata tena.

"Mwalimu, jangwa liko wapi?"

"Jangwa gani, mzee?"

"La Sudan. Tulikula mchanga siku nyingi kule. Hapa naona ukitoka Ziwa Rudolf, hatua moja uko Misri."

Nikatazama. Mungu wangu. Sudan nzima na Sahara yake zilikuwa tumboni mwa mchwa, na mimi nimeigandisha Kenya na Misri.

Mama Moraa akaacha kutafuna. "Kwa hiyo mtoto wangu bado yuko hewani?"

Nikaitikia kwa kichwa (firigisi ilikuwa shavuni). Mzee akanionyesha kwa kidole upana wa jangwa lake, nikapima upya. Saa kumi na mbili jioni.

Mama akafunika kuku. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

"Nimevunja nadhiri kwa neno lako, Mwalimu," akasema. "Sasa naanza upya, na wewe utafunga pamoja nami."

Majirani wakaenda kwao kula. Mimi sikubanduka. Sikuomba hata maji, na kuku ananukia pale pale mbele yangu, mpaka saa kumi na mbili na nusu. (Ile nusu niliiongeza mwenyewe. Nimeshika adabu.)

Msinicheke. Jangwa nililoliruka kwa uji, nimelivuka lote kwa njaa.