Kipimo Kilichogongwa Muhuri

Kwa heshima na taadhima, Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja alitangaza kwamba kuanzia Jumatatu ukweli wote wa ofisi ungepatikana kwa kipimo kimoja cha kitakwimu, nacho kingeteuliwa na Kamati ya Uteuzi wa Kipimo. Wajumbe walikuwa saba. Sita hawakujua takwimu hata chembe, kwa hiyo hawakuwa na upendeleo.

Wa saba alikuwa mtakwimu mwenyewe, naye siku hiyo alikaa roho mkononi. Swali la kwanza lilikuwa hili: je, karani wa dirisha la nne ni mzembe? Karani huyo ni dada yake mkubwa, aliyemsomesha kwa kushona nguo za watu mpaka vidole vikaota sugu. Jibu likiwa ndiyo, dada anafukuzwa kazi.

"Dirisha la kwanza linahudumia watu themanini kwa siku," alisema Mkurugenzi. "La nne, ishirini. Leteni kile kipimo cha kulinganisha makundi mawili, tumalize."

"Lakini mzee," alisema mtakwimu, "la kwanza wanagonga mihuri, la nne wanasikiliza malalamiko. Hapo tutakuwa tumepima kazi, hatujampima mtu."

"Lalamiko moja linasikilizwa dakika ngapi?"

"Inategemea tumemkosea mtu kiasi gani."

Mjumbe wa Usafirishaji akakohoa, akapendekeza kiteuliwe kipimo chenye jina refu kuliko vyote, kinacholingana na hadhi ya Mkurugenzi. Hoja ikaungwa mkono kwa makofi. Haya! Mtakwimu akaona maji yamemfika shingoni. Mkono usioweza kuukata, ubusu.

"Basi lipo Jaribio la Tofauti ya Wastani kwa Vipimo Vilivyooanishwa," alisema. "Kila karani analinganishwa na yeye mwenyewe: siku alizosikiliza hotuba yako ya asubuhi, na siku ulizokuwa safarini."

Mkurugenzi alifurahi mno. Hotuba yake ilikuwa ya saa moja na nusu kila siku, kuhusu thamani ya muda. Akakigonga kipimo muhuri papo hapo.

Matokeo yalisomwa Ijumaa mbele ya Mwenyekiti wa Bodi, mama mmoja asiyependa maneno mengi. Kila dirisha lilihudumia watu zaidi Mkurugenzi alipokuwa safarini. La nne lilipanda kutoka ishirini hadi thelathini na mmoja.

"Kama hotuba haina madhara," mtakwimu alisoma, "pengo kubwa hivi lingetokea kwa bahati tu chini ya mara moja katika mia."

"Sampuli ndogo!" Mkurugenzi aliruka. "Nimesafiri siku tisa tu! Siku tisa ni nini? Utafiti wa maana unataka siku za kutosha!"

Mtakwimu alipekua makaratasi yake. Hili hakulitegemea.

"Mzee amesema kweli," alijibu taratibu. "Siku bila yeye ni chache mno."

"Zinatakiwa ngapi?" aliuliza Mwenyekiti.

"Mia mbili hivi, mama, tukitaka uhakika."

Kamati kwa kauli moja ilimpongeza Mkurugenzi kwa kuigundua kasoro hiyo, ikamwomba aanze kutokuwepo mara moja. Dada wa dirisha la nne hakuguswa, maana kumwondoa kungevuruga utafiti.

Sasa Mkurugenzi yuko nyumbani. Hupiga simu kila asubuhi kuuliza siku zimefika ngapi.

"Thelathini na nane, mzee," mtakwimu alimjibu jana. "Ila tafadhali usipige tena. Kuanzia kesho, siku ukipiga tutaihesabu kuwa ulikuwepo."