Malalamiko Juu ya Ombi la Dakika Ishirini na Mbili

Kibomet, Kitale.

Kwa Bwana Kigen, Msimamizi wa Wadi,

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima, na macho yako yakiwa wazi. Yangu yalikuwa yamefumbwa, ndiyo maana ninakuandikia.

Mimi ni Wakoli Nyongesa, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, mwaka wa kumi na moja sasa. Unajua ninavyowaheshimu akina mama wa jamii ndogo, hasa Wasengwer wanaoishi kule bondeni. Kila mkutano nawapa nafasi: mmoja wao hufungua kwa maombi, kisha wanaketi kwenye nyasi, nasi tunaendelea. Picha zao nimekutumia mara nyingi. Sasa nafasi hiyo imetumiwa vibaya na Mama Chepngeno, na malalamiko yangu ni haya:

1. Urefu. Ombi la mama ni dakika moja, mbili kukiwa na ukame. Lake la Jumanne lilichukua ishirini na mbili. Nilikuwa nimesimama, kofia mkononi, na goti langu moja ni bovu.

2. Yaliyomo. Alimweleza Mungu kwamba mfereji uliopangiwa bondeni umesimama mbele ya lango langu. Nanukuu: "Baba, si unaona sisi tunapanda kilima na mitungi, na ng'ombe ya mwenyekiti inakunywa tu hapo kwake? Angalia kitabu ya bajeti ya kaunti, Baba, ukurasa wa arobaini na tatu." Bwana Kigen, Mungu anajua yote. Ukurasa anatajiwa wa nini? Halafu akaviombea viti kumi vya kamati, kimoja kimoja, kwa jina la anayekikalia, hadi ikawa wazi kwa kila mtu kwamba hakuna hata kimoja cha mwanamke, wala cha Msengwer yeyote. Nakiri niliona haya.

3. Hapingiki. Nilinyoosha mkono kulalamikia utaratibu, lakini watu wote walikuwa wamefumba macho. Aliyeuona mkono wangu ni Mungu peke yake, naye hakunipa nafasi.

4. Amina. Hapa ndipo nilipoumia hasa. Alipoomba mfereji urudi bondeni, na viti vitatu viende kwa akina mama wa huko, uwanja mzima uliitikia. Mimi nimelelewa kanisani kule Bungoma; nikisikia "kwa jina la Yesu", mdomo unajiendea wenyewe. Amina yangu ndiyo iliyosikika zaidi. Katibu wetu, Phelista, ameandika kwenye kumbukumbu kwamba hoja ilipita bila kupingwa, na kwamba iliungwa mkono na mwenyekiti kwa sauti kubwa. Nimemsihi afute, amekataa.

5. Inaenea. Akina mama wa mtaa wa Kipsongo, ambao hatukuwahi kuwaona mikutanoni, sasa wanafika mapema kuuliza nani anaomba leo. Shemeji yangu Mukhisa amenipigia simu kutoka Bungoma: ati kwenye mkutano wa soko lao, mama mmoja Mwogiek, wa jamii nyingine ndogo kutoka mlimani, alimshukuru Mungu kwa kazi nzuri ya mwenyekiti anayeondoka. Watu wakasema Amina. Mwenyekiti hakuwa amesema anaondoka, na hadi sasa hajui kama aende ofisini.

Kwa hivyo naomba maombi yasizidi dakika moja, na yafanywe macho wazi. Ikiwa hilo ni gumu, basi akina mama hawa wapewe ajenda, wapewe kipaza sauti, wapewe hata kiti changu, mradi maombi yarudishwe kwetu wanaume, tunaojua kusali bila kutaja mambo ya watu.

Nisalimie mkeo, karani wako, na yule askari wa getini ambaye kila nikija huniuliza mimi ni nani.

Wako mtiifu,
Wakoli Nyongesa,
Mwenyekiti.

Nyongeza: Kabla sijaituma barua hii, uchaguzi wa kamati umefanyika. Lile ombi langu la pili limekubaliwa hata kabla hujalisoma. Mama Chepngeno ndiye mwenyekiti, mabomba yameanza kuhamishwa kwenda bondeni, na mimi nimepangiwa kuufungua mkutano wa Alhamisi kwa maombi. Tafadhali nitumie kile kitabu cha kaunti upesi, ng'ombe wangu wana kiu. Na ile dakika moja, ifute. Nitahitaji kama thelathini.